Matembezi ya mfereji wa Thames na Severn: kutoka Chalford hadi mdomo wa handaki la Sapperton

Tuanze na alama, maana kuna wasomaji wanaoishia hapo. Kipande cha Chalford hadi Daneway: nyota nne na nusu kati ya tano. Kipande kinachopita juu ya handaki, kutoka Daneway hadi Coates: tatu na nusu. Stroud hadi Chalford: tatu. Kwa marafiki wanne hadi wanane wanaotoka London, Reading au Swindon asubuhi na wanaotaka kurudi kabla ya giza bila kupanda mlima wa kukata pumzi, jibu ni Chalford hadi Daneway kwenda na kurudi: kilomita 9 au 10 hivi, mwendo wa muda wa saa tatu na nusu ukihesabu kikao cha chai.

Mfereji huu wa magharibi mwa Uingereza haupitishi tena mashua kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika kipande tulichokipa alama za juu sehemu kubwa haina hata maji. Utakachokiona ni mtaro mpana ulioota matete na miti, kuta za mawe zilizotafunwa na mizizi, na kando yake njia ya farasi, yaani ile njia aliyotembea farasi akivuta mashua kwa kamba. Hiyo ndiyo unayoitembea wewe, na ndiyo siri ya ulaini wa matembezi haya. Maji ya mfereji hayawezi kulala kwenye mteremko, kwa hiyo njia nayo iko sawasawa kama sakafu, halafu ghafla inapanda hatua chache penye loki, kisha inakuwa sawasawa tena.

Neno loki litajirudia, basi tulieleze mara moja. Ni chumba cha mawe au matofali kilichozama ardhini, chenye milango mizito ya mbao kila upande. Mashua inayopanda huingia kwa chini, milango ya nyuma yake inafungwa, maji ya juu yanaachiwa kupitia vilango vidogo, chumba kinajaa, na mashua inainuka pole pole kama kata inayoelea kwenye pipa linalojazwa. Milango ya mbele ikifunguliwa, safari inaendelea. Kutoka Stroud hadi kilele, mfereji huu ulipanda mita 73 kwa loki 28, wastani wa mita 2.6 kila moja. Kati ya Chalford na Daneway zimo 16 za mwisho, kwa hiyo katika kilomita nne na nusu hivi utapanda mita 42 tu, tena kwa mafungu. Mtu anayeweza kupanda ngazi za jengo la ghorofa tatu kwa mapumziko ataimaliza safari hii.

Ubaya wa loki ni kwamba inakula maji. Chumba chenye urefu wa mita 27, upana wa karibu mita 4 na kina hicho cha mita 2.6 hupoteza zaidi ya lita 250,000 kila kinapoteremshwa, na maji hayo hayarudi juu. Shikilia hesabu hiyo, kwa sababu bila kuielewa utapita magofu kumi na sita ukidhani umeona gofu moja mara kumi na sita.

Mfereji ulikamilika mwaka 1789. Ulianzia Wallbridge, Stroud, ulipokutana na mfereji mfupi wa Stroudwater uliofunguliwa 1779, ukaenda kilomita 46 hivi hadi Inglesham karibu na Lechlade, kwenye mto Thames. Hapo mto Severn wa magharibi ukawa umeunganishwa na Thames ya London. Loki 28 zilipanda kutoka magharibi na 16 zikashuka mashariki, na katikati, chini ya kijiji cha Sapperton, likachimbwa handaki la mita 3,490. Kazi yake ilianza 1784, na mfalme George III alikuja kulitazama mwaka 1788, kabla halijakamilika. Hadi 1811 hapakuwa na handaki la mfereji refu kuliko hilo nchini humo.

Kilichouua mfereji ni kiu. Kipande cha juu kabisa, kutoka Daneway kuelekea Siddington, kilikatwa ndani ya mawe ya chokaa yenye nyufa nyingi. Msomaji wa Pwani anaweza kuyafikiria kama ndugu wa mawe ya matumbawe yaliyojenga Mji Mkongwe na Lamu, kwani nayo yalifanyika chini ya bahari ya kina kifupi yenye joto. Ukiyamwagia maji yanayameza. Dawa ya mafundi wa wakati huo ilikuwa kuzungushia mtaro udongo wa mfinyanzi uliokandwa na kukanyagwa ukiwa na maji mpaka ukawa kama unga wa chapati. Dawa ilifanya kazi kwa miezi tu. Mvua zilipokuwa nyingi, chemchemi zilisukuma sakafu ile kutoka chini hadi ikapasuka. Kiangazi kilipofika, maji yalitoroka kwa nyufa zilezile. Pampu iliwekwa karibu na chanzo cha Thames, kwanza ya upepo, kisha kuanzia 1792 injini ya mvuke ya Boulton na Watt. Mwaka 1901 halmashauri ya Gloucestershire iliuchukua mfereji na kuutia viraka vya gharama kubwa. Mwaka 1911 ndio unaotajwa kwa safari ya mwisho ya mashua ndani ya handaki. Kuanzia Lechlade hadi daraja la Whitehall mfereji ulifutwa kisheria 1927, na sehemu iliyobaki hadi Stroud ikafuata 1933. Reli, iliyofika bondeni 1845, ilikuwa imeshachukua mizigo zamani.

Njia yenyewe

Anzia kwenye nyumba ya mviringo ya Chalford, iliyo kando ya barabara kuu ya A419. Kampuni ya mfereji ilijenga tano za namna hii kwa ajili ya walinzi waliotunza kila mmoja kipande chake. Hii ina ghorofa tatu na sasa ni makazi ya watu, kwa hiyo itazame kwa nje. Kabla ya kuondoka inua macho uone nyumba zilizobandikwa kwenye mlima. Vichochoro vyake ni vyembamba na vikali kiasi kwamba makaa na unga vilipelekwa huko kwa punda, jambo ambalo mtu wa Lamu hahitaji kuelezwa.

Mita mia kadhaa za mwanzo si nzuri. Barabara iko karibu, magari yanasikika, na baadhi ya kazi za mawe zilifukiwa barabara ilipopanuliwa. Watu wengi hukata tamaa hapa na kurudi kutafuta kahawa. Endeleeni. Baada ya loki ya Golden Valley kelele inapungua, na ukifika Baker's Mill, penye loki mbili na bwawa, barabara imeshabaki upande wa pili wa bonde. Kutoka hapo hadi Daneway utasikia maji ya mto Frome, ndege, na treni moja moja mlimani.

Puck Mill inafuata, nayo ina loki mbili. Simameni hapa dakika kumi, maana ndipo mahali pazuri pa kujifunza kuusoma mfereji. Tafuta kwanza mifuo mirefu ya wima kwenye kona za ukuta: ni mahali pa nguzo ya mlango kuzungukia. Pembeni yake kuna sehemu ya ukuta iliyoingia ndani kidogo, ambamo mlango ulikunjwa usizuie mashua. Kisha nenda ncha ya juu. Katika loki nyingi za kipande hiki utakuta, kabla ya chumba chenyewe, kichumba kingine kifupi kama varanda. Ni alama ya loki iliyofupishwa katika karne ya 19. Walizijenga mwanzoni kwa urefu wa mita 27 ili zichukue mashua ndefu za Thames, baadaye wakaona kila mashua inavyowanywea maji, wakasogeza mlango wa juu ndani. Ukisharudi kwenye ile hesabu ya lita 250,000 utaona kwa nini watu walikubali kuvunja kazi yao wenyewe kwa ajili ya hatua chache za urefu.

Baada ya Puck Mill kuna loki mbili za Whitehall na daraja lake, lile la mpaka wa 1927. Halafu unaingia kando ya msitu wa Siccaridge, hifadhi inayosimamiwa na shirika la wanyamapori la Gloucestershire. Huu ndio moyo wa matembezi. Loki tatu zimefuatana chini ya miti, mto mdogo uko upande mmoja, na mtaro umekuwa kinamasi chenye matete. Mwezi wa nne na wa tano sakafu ya msitu hujaa kitunguu saumu pori, maua meupe na harufu ya jikoni kabisa. Mtu mwenye njaa atalalamika. Majani yake yanalika, lakini humo humo huota mmea mwingine wenye majani yanayofanana nayo na maua meupe kama kengele ndogo, nao ni sumu. Kipimo ni harufu: jani la saumu likisagwa kidoleni linanuka saumu. Isitoshe hii ni hifadhi, kwa hiyo acheni mapishi. Mdiria huonekana mtoni mara kwa mara kama mchirizi wa buluu, na mtu wa mbele peke yake ndiye anayemwona, basi peaneni zamu ya kuongoza.

Loki mbili za Daneway zinamaliza upandaji. Ya juu kabisa usiitafute: imefukiwa, na juu yake ni maegesho ya magari ya baa iliyo hapo. Jengo la baa hiyo lilianza 1784 kama nyumba za wachimbaji wa handaki, kisha likawanywesha wanamashua kwa zaidi ya miaka mia. Vuka daraja, fuata njia ya farasi dakika kumi nyingine, na mfereji unaishia kwenye mdomo wa handaki wenye meno juu kama ukuta wa ngome. Ulikarabatiwa 1996.

Humo ndani hapakuwa na njia ya farasi. Farasi alifunguliwa na kupitishwa juu ya mlima. Mashua ikasukumwa kwa miguu, watu wakiwa wamelala chali na kukanyaga kuta, kwa muda wa saa tatu au zaidi gizani. Leo huwezi kutoka upande wa pili hata ukitaka, kwa sababu paa limeanguka katikati. Sehemu iliyoanguka imepita kwenye aina ya udongo unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mwenye nyumba ya Athi River iliyopasuka kuta kwa udongo mweusi anaujua ugonjwa huo. Usiingie hata hatua tatu kwa ajili ya picha: matope ya mlangoni hayana kina kinachoonekana, na mawe hudondoka bila taarifa.

Kinachoharibika, na sababu yake

Matope ni lalamiko nambari moja, na lina sababu yake. Mvua ikinyesha juu, inapenya mawe ya chokaa mpaka ikutane na tabaka la udongo mzito, halafu inatoka kwa pembeni kama chemchemi. Chemchemi hizo zinatokea kwenye kuta za bonde, hasa kati ya Puck Mill na Daneway, na kutoka mwezi wa kumi hadi wa nne jua halifiki kukausha. Siku tatu bila mvua hazitoshi. Bonde linaendelea kutoa maji ya wiki iliyopita. Raba za mjini zenye soli laini zitakuangusha. Vaa buti zenye meno zinazofunika kifundo cha mguu, au gambuti kama mvua imenyesha wiki nzima, ingawa kilomita 10 kwenye gambuti bila soksi nene zitakupa malengelenge kisiginoni.

Kingo za loki ndizo hatari ya kweli. Hazina uzio wa chuma, majani yanazifunika, na chini yake kuna shimo la mita mbili hadi nne lenye mawe au tope. Kiangazi, majani yakiwa marefu, ukuta na nyasi vinakuwa kitu kimoja. Sheria ya kundi lenye watoto ni rahisi: penye loki mtoto anashikwa mkono, na hakuna anayesimama juu ya ukuta ili apigwe picha. Mawe ya juu yamelegea kwa sababu mizizi imeyanyanyua, na uzito wa mtu mzima ukingoni unatosha kuling'oa moja.

Kiangazi kina adha yake nyingine: majani yawashayo, yale ambayo Wakenya wa milimani wanayaita thabai, huota hadi kifuani pembezoni mwa njia. Kaptula si vazi la hapa mwezi wa saba. Kupe nao wapo kwenye nyasi ndefu kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, na wengine hubeba ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, kisha jioni kagua nyuma ya magoti, kwapani na kiunoni. Ukimkuta, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute polepole bila kumzungusha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Wekundu unaotanuka kama duara katika wiki zinazofuata ni sababu ya kumwona daktari.

Mtandao wa simu bondeni ni wa kubahatisha. Pakua ramani kabla hujatoka, au nunua ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, Explorer namba 168, ya kipimo cha 1 kwa 25,000. Kutoka Chalford hadi Daneway kupotea ni kazi, ila kwenye msitu wa juu ya handaki ramani inahitajika.

Choo: hakuna cha umma kati ya Chalford na Daneway. Panga kabla ya kuondoka Stroud, na usitegemee kichaka, kwa sababu wikendi njia ina watu na mbwa wao.

Kufika, na hesabu ya kundi

Chalford ilikuwa na stesheni hadi 1964. Sasa unashuka Stroud, dakika 90 hivi kutoka stesheni ya Paddington, London, kwa treni inayopitia Reading, Swindon na Kemble. Watu wazima watatu hadi tisa wanaosafiri pamoja nje ya saa za msongamano hupata punguzo la theluthi moja linaloitwa GroupSave, na wengi wanalikosa kwa kununua kila mtu tiketi yake kwenye simu. Mmoja anunue za wote kwa pamoja. Sharti ni kwamba lazima msafiri pamoja kweli. Aliyechelewa Paddington hawezi kufuata na treni inayofuata kwa punguzo lilelile.

Kutoka Stroud kuna mabasi ya Chalford, lakini uliza kwanza kama basi linapita barabara ya bondeni au linapanda mlimani hadi Chalford Hill. Ukishushwa juu, utateremka kwa vichochoro vile vya punda, na jioni utavipanda tena ukiwa umechoka. Jumapili ratiba huwa nyembamba. Teksi ya watu wanne kutoka stesheni, wakigawana, haiumizi mfuko, ila iagizwe mapema, na ya kurudi iagizwe mkiwa bado Stroud penye mtandao.

Wenye nguvu waanze kwa miguu Stroud. Ni kilomita sita au saba hadi Chalford, njia ngumu chini, sehemu kubwa imetengenezwa, na karibu na mjini mfereji umerudishiwa maji na loki zake kwa kazi ya miaka mingi ya watu wa kujitolea wa Cotswold Canals Trust. Kwa mtoto kwenye kigari au mzee anayetaka kunyoosha miguu hadi Bowbridge na kurudi, kipande hicho kinastahili nyota ya nne. Tumekipunguzia kwa ajili ya baiskeli zinazokuja nyuma kimya na kwa ajili ya viwanda na magari. Panapostahili kusimama ni Brimscombe. Hapo palikuwa bandari kamili bondeni, kwa sababu ya kosa la vipimo lililofanywa kwa makusudi: loki za upande wa Stroud zilijengwa pana na fupi kwa mashua za Severn, na za juu yake nyembamba na ndefu kwa mashua za Thames. Mashua nyingi hazikuweza kupita pande zote mbili. Basi makaa yalishushwa Brimscombe, yakapimwa, yakapakiwa upya, kama abiria wanavyobadilisha gari njia panda. Beseni la bandari lilifukiwa katika miaka ya 1960, kwa hiyo unachokitazama ni nafasi yake tu.

Juu ya handaki

Kutoka mdomo wa Daneway njia inapanda shambani hadi kijiji cha Sapperton. Huu ndio mwinuko pekee wa kutoa jasho, robo saa hivi. Kwenye uwanja wa kanisa la kijiji wamezikwa Ernest Gimson na ndugu wawili wa Barnsley, mafundi wa samani waliohamia huku na kufanya kazi zao katika nyumba ya Daneway. Mpenda useremala atataka kupita. Ukiendelea kusini-mashariki utavuka A419, ambayo hapa magari yake yanakimbia kweli, kisha utaingia msitu wa Hailey. Unafuata nyayo za wale farasi waliofunguliwa. Humo utakutana na vilima vidogo vya mviringo vilivyopangwa mstari, kama vichuguu vya mchwa mkubwa mno. Ni kifusi kilichotolewa kwenye visima 25 vya wima vilivyochimbwa ili handaki lianze kuchimbwa sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Ukivipata vitatu vya kwanza, vinakuonyesha mwelekeo kuliko kibao chochote. Baadhi ya visima bado vina shimo katikati, usikanyage kilele.

Tumekata nyota moja na nusu kwa sababu alama za njia msituni ni chache na njia za magari ya mbao zinachanganya. Malipo yake ni mdomo wa Coates, uliokarabatiwa 1977: nguzo za mawe kama za hekalu, na vishubaka viwili vya sanamu ambavyo ni vitupu. Mbele ya tajiri aliyekuja kutoka London waliweka nguzo, upande wa wachimbaji wakaweka meno ya ngome. Kutoka Daneway hadi hapa ni kilomita nne hadi tano.

Kutoka Coates mtu anaweza kufuata mtaro mkavu kilomita tatu hivi hadi lilipo jiwe la chanzo cha mto Thames, na tatu nyingine hadi stesheni ya Kemble. Tunawaonya tu wanaokwenda kwa ajili ya chanzo: sehemu kubwa ya mwaka ni jiwe, mti na kokoto kavu. Mwezi wa pili, baada ya mvua ndefu, maji hujitokeza malishoni. Safari nzima ya Kemble hadi Stroud ni kilomita 20 hivi na si matembezi laini tena. Wanaoitaka wanunue tiketi ya kwenda na kurudi ya Stroud, kwa sababu Kemble iko njiani, lakini wasichukue ile ya bei nafuu ya Advance, isiyoruhusu kushuka kabla ya mwisho wa safari.

Chakula na saa

Baa za mashambani Uingereza ni sehemu za familia, watoto wanakaribishwa katika nyingi kati yake, na mtu anaagiza kaunta bila kulazimika kunywa pombe. Tatizo ni saa za jiko. Majiko mengi hufungwa baada ya chakula cha mchana hadi jioni, na Jumatatu mengine hayafunguliwi kabisa. Kundi la watu wanane lisilopiga simu mapema litaambiwa lingoje. Asiyekula nyama isiyochinjwa atabaki na chipsi na supu ya mboga, na supu yenyewe aulize imetiwa mchuzi wa nini. Ushauri wetu ni chakula cha begi. Kwa kila mtu lita moja ya maji, chapati mbili zilizoviringishiwa mayai au maharagwe makavu, tunda, na chupa moja ya chai ya lita moja kwa watu watatu. Viazi karai na bajia hubeba vizuri kuliko sandwichi, hazilowi. Mahali pa kuketi ni karibu na daraja la Daneway, na kila ganda linarudi begini.

Desemba jua linazama karibu na saa kumi jioni, na bondeni giza hutangulia kwa nusu saa. Wanaoswali wajue kwamba adhuhuri na alasiri zimebanana mno. Anzeni Chalford si zaidi ya saa nne asubuhi, na mchague mapema pakavu pa kuswalia, maana baada ya Baker's Mill pakavu ni haba. Mwezi wa tano na wa sita mwanga haukwishi hadi saa tatu usiku na hayo yote hayana uzito.

Kila mtu abebe viatu vya akiba na mfuko wa kutilia vile vya matope, ule wa rambo ambao nyumbani umepigwa marufuku. Vibadilisheni Chalford kabla teksi haijafika, kwa sababu dereva anatazama miguu kabla ya kufungua mlango.